Nani Kasema Chakula cha Samaki Lazima Kielee?

Kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, kuanzia Matema kuteremka kuelekea Mbamba Bay, wanaishi samaki wadogo wa rangi kali ambao majirani wa Malawi huwaita mbuna. Tangu miaka ya 1960 samaki wa jamii hiyo wamekuwa wakifungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni na kupandishwa ndege kwenda kupamba matangi ya vioo sebuleni mwa watu Ujerumani, Uingereza na Marekani. Wakifika huko, wengi hupikiwa. Mwenye tangi huingia jikoni, akasaga njegere, spinachi, uduvi kidogo na mwani, akachanganya na jelatini, akatandaza rojo hilo kwenye mfuko wa plastiki na kuligandisha kwenye friji. Kila asubuhi humega kipande. Wanaofuga samaki wa matumbawe ya maji chumvi hufanya vivyo hivyo kwa uduvi, ngisi, kome na mwani wa baharini. Maduka ya kwao yamejaa makopo ya chakula cha kiwandani, ya kila rangi na kila bei, lakini wao wanasaga, maana wanataka kujua samaki amekula nini.

Sasa panda kutoka Matema hadi Tukuyu, pitiliza Uyole, ushike barabara ya TANZAM hadi Makambako, Mafinga na Iringa mjini. Huko kote, mfugaji mwenye bwawa la udongo nyuma ya nyumba anaambiwa kinyume chake. Kwenye semina, dukani na kwenye mabanda ya Nane Nane, somo ni lile lile: achana na chakula cha kujichanganyia, hicho ni cha kizamani. Samaki wa kisasa anataka punje za kiwandani, zilizo kwenye mfuko wenye picha ya sato mnene, na zinazoelea juu ya maji. Kama huna fedha ya mfuko, bora uache ufugaji.

Msimamo huo umeshika mizizi kiasi kwamba hata wanaochanganya chakula wenyewe hukitaja kwa aibu, kana kwamba wanaiba mtihani. Ni msimamo wenye chembe ya ukweli, na chembe hiyo itatajwa hapa bila kufichwa. Lakini kwa mabwawa mengi ya Mbeya na Iringa hauna mashiko, na unawapotezea watu fedha.

Tuanze pale watetezi wa mfuko wa kiwandani wanapoegemea zaidi, yaani historia. Ufugaji wa samaki Tanganyika ulianza kwa majaribio ya perege mwaka 1949, Korogwe mkoani Tanga na Malya mkoani Mwanza. Mwaka 1967 serikali ikaanzisha kampeni ya kitaifa, na kufikia 1968 inasemekana nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Mengi hayakutoa kitu cha maana. Miongo kadhaa baadaye, mapitio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yalihesabu mabwawa 14,100 Tanzania Bara, Ruvuma ikiongoza kwa 4,942, Iringa ikiwa na 3,137 na Mbeya 1,176. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa, na Songwe ndani ya Mbeya. Bwawa la kawaida lilikuwa na mita 10 kwa 15, na mavuno yake yalikuwa haba. Hitimisho la watu wa mfuko ni kwamba miaka yote hiyo samaki walilishwa chakula cha nyumbani, na matokeo kila mtu ameyaona.

Hapo ndipo hoja inapoteleza. Kilichotupwa kwenye mabwawa hayo kilikuwa pumba za mahindi, majani ya magimbi na makoko ya ugali. Pumba za mahindi zina protini ya asilimia 10 hivi. Perege anayekua anahitaji asilimia 25 hadi 35, na kifaranga anahitaji zaidi ya hapo. Kambale naye haridhiki chini ya 35. Mwenye bwawa anayemwaga debe la pumba na kusema amelisha hana tofauti na mzazi anayempa mtoto uji mweupe asubuhi, mchana na jioni kisha akashangaa kwa nini hanenepi. Kuyaita mabaki hayo chakula cha kujitengenezea ni kukionea chakula cha kujitengenezea. Bwawa lililofeli kwa pumba limefeli kwa pumba. Halijathibitisha lolote kuhusu mchanganyiko wa dagaa, soya na mashudu uliopimwa kwenye mizani.

Tena si chakula pekee kilichoyaangusha mabwawa yale. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi miwili au mitatu tu. Ukipanda vifaranga 300, madume kwa majike, baada ya miezi sita bwawa la mita 10 kwa 15 lina samaki maelfu, wote wa ukubwa wa kidole, wakigombea tonge moja. Hata wakimwagiwa punje bora kuliko zote duniani, watabaki vidole. Dawa ya tatizo hilo ni kupanda vifaranga wa dume pekee au kuvua wadogo mara kwa mara, na dukani haiuzwi kwa kilo. Ndiyo maana inashangaza kuona mtu mwenye bwawa lililofurika vizazi vitatu akishauriwa abadilishe chakula.

Halafu kuna baridi. Hili watu wa mfuko hawalitaji kabisa, na kwa Nyanda za Juu Kusini ndilo kubwa kuliko yote.

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, Iringa iko juu ya 1,500, na Mafinga iko juu zaidi ya hapo. Perege ni samaki wa joto. Hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hamu yake ya kula hupungua, na yakikaribia 16 huacha kula kabisa, akatulia chini kama mgonjwa. Mwezi Juni na Julai, wakati wakazi wa Uyole wanatoka asubuhi na makoti mazito na bustani za Mufindi zinaungua kwa sakitu, maji ya mabwawa mengi huwa chini ya nyuzi 20. Mfugaji anayefuata jedwali lililochapishwa nyuma ya mfuko, jedwali lililoandaliwa kwa maji ya joto, anaendelea kumwaga kipimo kile kile kila siku. Punje zinaelea, zinalowa, zinazama na kuoza. Amenunua mbolea ya bei ghali kuliko zote wilayani.

Mwenye kuchanganya mwenyewe anaweza kupunguza. Anatengeneza cha wiki moja tu, anaona samaki wamesusa, anasitisha. Hana mfuko wa kilo 20 uliokwisha kulipiwa unaomkodolea macho stoo. Mwezi Septemba jua likirudi, anaongeza. Kwa nchi ya baridi, kuweza kubadilisha kipimo na mchanganyiko kadiri majira yanavyobadilika kuna thamani kuliko picha ya sato.

Tuje kwenye kuelea, maana ndiko kunakovutia macho ya wanunuzi. Punje huelea kwa sababu imepitishwa kwenye mashine yenye mvuke, joto kali na mgandamizo, na inapotoka hutanuka ghafla na kubaki na hewa ndani, kama bisi. Mvuke ule husaidia kuivisha wanga, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kuelea kwenyewe hakuna lishe. Chakula cha kamba wanaofugwa kimetengenezwa makusudi kizame, kwa kuwa kamba anakula chini. Perege hula juu, katikati na chini, na sehemu kubwa ya maisha yake huchuja vijimea vya kijani vilivyomo ndani ya maji, jambo ambalo halihitaji punje yoyote.

Wauzaji wanasema kwamba kinachoelea humwezesha mfugaji kuona kama samaki wamekula. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Lakini kuona huko kunapatikana pia kwa sinia. Chukua sinia kuukuu la bati au beseni lililopasuka, litoboe pembeni, lifunge kamba tatu, weka jiwe katikati, lishushe nusu mita chini ya maji kwenye kona ile ile kila siku. Weka humo chakula chako saa nne asubuhi, maji yakiwa yameanza kupata joto. Baada ya nusu saa livute juu. Likiwa jeupe, samaki wana njaa. Likiwa na mabaki yanayoteleza kama uji, ulizidisha, na saa kumi jioni usiweke tena. Sinia linasema ukweli kuliko punje zinazosukumwa na upepo hadi kwenye majani ya ukingoni, ambako vyura ndio wanaofaidi.

Mchanganyiko wenyewe je? Hapa ndipo watu hutishwa kwa maneno makubwa, ilhali hesabu yake haizidi ya darasa la saba. Dagaa wakavu wana protini ya asilimia 55 hivi. Soya iliyokaangwa ina 38 hivi. Mashudu ya alizeti yanabadilika kadiri ya maganda yaliyobaki, lakini ya wastani yana 28. Pumba, kama ilivyosemwa, zina 10. Chukua dagaa kilo 20, soya kilo 20, mashudu kilo 30, pumba laini kilo 25 na unga wa muhogo kilo 5 wa kugandishia. Jumla kilo 100. Protini inatoka kilo 11 kwenye dagaa, 7.6 kwenye soya, 8.4 kwenye mashudu, 2.5 kwenye pumba, na chembe tu kwenye muhogo. Ni asilimia 29 na ushei, ndani kabisa ya mahitaji ya perege wa bwawani.

Na tazama vinakotoka. Alizeti hukamuliwa Iringa na Mbeya, na mashudu yake hurundikwa nje ya mashine. Soya inalimwa Nyanda za Juu Kusini na mikoa jirani. Mchele wa Kyela na wa Usangu, Mbarali, huacha pumba laini zenye protini nyingi kuliko za mahindi, mradi mwenye mashine asikuchanganyie maganda. Dagaa wanashuka kutoka Mwanza, na usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, wanapanda kutoka huko. Mkulima wa Rungwe anayenunua punje zilizotoka ng'ambo, zikashuka bandarini Dar es Salaam na kupakiwa lori hadi Mbeya, anapishana barabarani na malighafi ya chakula hicho hicho ikielekea mjini.

Kuna siri ndogo katika kuchanganya mimea hiyo, na wenye uzoefu wanaijua hata kama hawaijui kwa jina. Alizeti ina upungufu wa laisini, moja ya viungo vinavyojenga protini, lakini ina methionini ya kutosha. Soya ni kinyume: laisini nyingi, methionini haba. Kila moja peke yake inamwacha samaki na pengo. Zikiwa pamoja zinazibiana mapengo. Ndiyo sababu mchanganyiko wa vitu vitano hushinda kitu kimoja kizuri.

Wenye kutetea mfuko watasema: sawa, lakini watu wanakosea. Wanakosea kweli, na makosa yenyewe yanajulikana. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia mmeng'enyo wa protini. Lazima ikaangwe hadi harufu ya ubichi iishe na ganda lianze kupasuka, ndipo isagwe. Dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga. Watie kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji, koroga, kisha gusa chini ya ndoo kwa vidole, utajua umenunua samaki au ufuko. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi huyatenga wakisema yatafaa kwa mifugo, ndiyo hatari kuliko yote. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiishi kwa kusagwa wala kwa kuanikwa, na ini la samaki nalo huharibika. Kinachomfanya mtu aogope nafaka hiyo kwenye sufuria kimfanye aiogope kwenye beseni la chakula cha samaki pia.

Lakini makosa hayo ni hoja ya kufundisha, wala si ya kukataza. Wafugaji wa kuku wa mayai wa Mbeya na Iringa wamekuwa wakinunua konsentreti na kuchanganya na pumba, mashudu, dagaa na chokaa kwa koleo, sakafuni, miaka nenda miaka rudi. Hakuna anayewacheka. Kanuni za kuchanganya zinajulikana na zimebandikwa ukutani kwenye maduka ya pembejeo. Kuku akipungua mayai, wanakagua kanuni. Inakuwaje kwa samaki, kosa moja la mchanganyiko lihesabiwe kuwa ni ushahidi dhidi ya kuchanganya kwenyewe?

Mfuko nao una makosa yake, ila hayaonekani. Vitamini, hasa C, hupungua kadiri chakula kinavyokaa kwenye joto na unyevu, na mafuta huchacha. Mfuko ukifunguliwa dukani na chakula kikauzwa kwa kupimwa kilo kilo kwenye vifuko vyeupe, mnunuzi wa kilo mbili hapati tarehe ya kutengenezwa, hapati asilimia ya protini, hapati hata jina. Anapata rangi ya kahawia na uhakika kwamba itaelea. Anayenunua hivyo hana haki ya kumwambia jirani yake mwenye mizani na daftari kwamba anabahatisha.

Sasa fedha. Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama ya uendeshaji kwenye ufugaji wa samaki, kwa hiyo hapa hakuna utani. Watu wa mfuko wana hesabu moja nzuri: punje bora hujenga kilo ya samaki kwa kilo moja na nusu ya chakula, wakati cha nyumbani, kinachozama na kumomonyoka, huhitaji kilo mbili na nusu au hata zaidi. Wako sahihi kwamba bei ya kilo ya chakula peke yake haisemi kitu. Basi hesabu na ipigwe hadi mwisho. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko unauzwa shilingi 4,000 kwa kilo na mchanganyiko wa nyumbani unagharimu 1,600 pamoja na kusaga. Kilo ya samaki kwa mfuko imekula shilingi 6,000. Kwa mchanganyiko imekula 4,000. Kila mfugaji aweke bei za soko lake, Mwanjelwa au Mafinga, na aone mizani inaangukia wapi. Mwenye kukataa kuifanya hesabu hiyo, awe upande wowote, hauzi wala hafugi, anahubiri.

Hesabu hiyo ina msaidizi mwingine ambaye mfuko haumtaji: maji ya kijani. Bwawa la udongo lililowekwa samadi kidogo kidogo huotesha vijimea na wadudu wadogo ambao perege huchuja bure. Ndani ya vijimea hivyo mna vitamini na mafuta ambayo mchanganyiko wa nyumbani unakosa. Chovya mkono hadi kiwiko: kama kiganja kimeanza kupotea machoni maji yalipofika kiwikoni, bwawa liko vizuri. Kikiwa kinaonekana waziwazi, ongeza samadi. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu cha mkono, acha samadi na punguza chakula, maana alfajiri samaki watapanda juu kupumua. Kwenye bwawa la samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba, chakula cha kutengenezwa ni nyongeza. Kumpa samaki wa bwawa hilo punje zilizotiwa kila vitamini ni kumlipia mara mbili kitu anachokipata bure.

Na hapa ndipo chembe ya ukweli iliyoahidiwa inapoingia. Kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, kwenye matangi ya saruji, na popote samaki wanaposongamana bila maji ya kijani, hakuna nyongeza ya bure. Kila vitamini lazima itoke kwenye chakula, na chakula kinachozama kwenye kizimba kimekwenda na maji. Huko mfuko unashinda, wala hakuna ubishi. Unashinda pia kwa vifaranga wa wiki za mwanzo, ambao wanahitaji unga laini mno wenye protini nyingi kwa kiasi kidogo. Gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Kyela, ambako mwinuko ni mita 500 tu na maji yana joto mwaka mzima, mfugaji wa biashara mwenye soko la uhakika naye anaweza kuona mfuko unalipa. Ubishi wa makala haya ni dhidi ya kuuchukua ushauri wa kizimba cha Mwanza na kuubandika kwenye bwawa la udongo la Kilolo.

Tukuyu wana tatizo lao. Wilaya yao ya Rungwe ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, na kuanzia Machi hadi Mei kuanika chakula kilichochanganywa ni ndoto. Tambi za chakula zilizotoka kwenye mashine ya kusagia nyama zikitandazwa kwenye turubai, jioni zinakusanywa zikiwa na unyevu ule ule, na kesho yake zina ukungu. Watu wa mfuko hupenda sana kuutaja mfano huu.

Jibu lake ni lile la jikoni kwa wafugaji wa matangi ya vioo. Usikaushe, gandisha, au lisha kikiwa kibichi. Chemsha unga wa muhogo uwe uji mzito, changanya na unga wa dagaa, soya na mashudu, ongeza mboga ya majani iliyosagwa, kanda hadi donge lishikamane. Jaribu kwanza: tia kipande kwenye glasi ya maji na usubiri dakika kumi. Kikiwa kimegeuka uji, ongeza muhogo. Kikiwa bado kina umbo, tia donge kwenye mifuko ya plastiki na ulibanebane kwa kiganja hadi liwe bapa, unene wa kidole, upana wa daftari. Ubapa una sababu: huganda haraka na huvunjika kwa mkono kama biskuti, bila kuyeyusha mfuko mzima. Kilichoyeyuka kisirudishwe. Friji zinazotumika kugandisha barafu za ukwaju na ubuyu zipo karibu kila mtaa wa Tukuyu, na samaki 400 wa gramu 50 hula gramu 600 tu kwa siku kwa kipimo cha asilimia tatu ya uzito wao. Mahitaji ya wiki nzima ni kilo nne na ushei. Asiye na friji afanye donge la siku moja tu. Kwa lolote kati ya hayo, unyevu uliokuwa adui wa turubai umekoma kuwa tatizo.

Imebaki hoja moja dhidi ya chakula cha nyumbani, na ndiyo nzito kuliko zote, ingawa wauzaji wa mifuko hawaitoi. Dagaa ni chakula cha watu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mkoa huo ni ghala la mahindi. Watoto wake wanashiba wanga na kukosa samaki, maharage, mayai na maziwa. Mtu anawezaje kushauri kilo 20 za dagaa zitiwe bwawani?

Jibu la kwanza ni kwamba mfuko hauikwepi hoja hiyo. Punje nyingi za kiwandani nazo zina unga wa samaki ndani yake, ila wamesagwa mbali na macho ya mnunuzi. Jibu la pili ni kwamba mwenye kuchanganya ana uhuru ambao mwenye mfuko hana. Anaweza kushusha dagaa hadi kilo 10 na kupandisha soya, akatumia vichwa na matumbo ya samaki yaliyopikwa, damu iliyokaushwa ya machinjioni, au funza wa nzi weusi wanaofugwa kwenye taka za jikoni. Perege si samaki wa kula nyama. Akipata protini ya mimea iliyochanganywa vizuri na maji ya kijani, dagaa wachache humtosha.

Jibu la tatu linahusu mavuno. Kwa vipimo vya watu wa mfuko, samaki wa gramu 120 hajafika sokoni, kwa hiyo bwawa limefeli. Hoteli ya Iringa mjini haitamnunua, hilo ni kweli. Lakini bwawa la mita 10 kwa 15 lenye samaki 300 wa gramu 120 lina kilo 36 za samaki, na kaya inayovua wanane kwa wiki, wanne Jumatano na wanne Jumapili, itakula samaki kwa wiki 37. Semina nyingi za ufugaji hufunga hesabu zake kwenye samaki wa kuuza, na wanane hao wa kila wiki hawana safu ya kuandikwa.